Maji ya Udhu na Kinamasi cha Rugezi



Mama yangu ni fundi wa nguo hapa Nyamirambo, na kwa fundi wa nguo mwezi wa Ramadhani ni mwezi wa kukesha, maana kila mteja anataka kanzu yake au gauni la mtoto kabla ya Idi. Ramadhani anayoisimulia zaidi ni ile ya mwaka 2004. Umeme ulikuwa ukitolewa kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho. Cherehani yake ya umeme ikawa pambo la nyumba. Akaazima ya miguu kwa jirani, akanyoosha nguo kwa pasi ya mkaa, na usiku akashona kwa taa ya mafuta, mimi nikiwa mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja. Nguo tatu zilichelewa hadi Idi ikapita, na wenyewe hawakurudi tena dukani kwake.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza umeme ulikuwa umekwenda wapi. Akanijibu: "Walisema maziwa yamekauka." Kwa miaka mingi niliamini kwamba umeme wa Rwanda hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe.

Somo la halaqa yetu muhula huu lilikuwa juu ya mafungamano ya mtu na nyika, vinamasi na mito, hasa ile iliyoharibiwa kisha ikarudishiwa uhai. Tulilisoma kwa wiki nne, na mimi nikapewa kazi ya kuliandika. Sitaandika yote tuliyojadili. Nitaandika yale yaliyonibadilisha mimi.

Maziwa yaliyokauka

Maziwa aliyoyasema mama ni Burera na Ruhondo, huko kaskazini chini ya milima ya volkano. Lakini ukitaka kujua kwa nini yalipungua, inakubidi upande juu zaidi, kwenye kinamasi cha Rugezi. Ni kinamasi kirefu kilichokaa kati ya vilima vya wilaya za Burera na Gicumbi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukubwa wake unapita hekta 6,700. Maji yake hutoka polepole, huanguka kwenye maporomoko ya Rusumo (si ile Rusumo ya mpakani na Tanzania) na kuingia Ziwa Burera. Kutoka Burera hupita kwenye mitambo ya umeme ya Ntaruka, kituo kilichoanza kazi mwaka 1959 chenye uwezo wa megawati 11.25, kisha hutua katika Ziwa Ruhondo lililo karibu mita 100 chini yake. Ruhondo nalo huyatoa yakazungusha mitambo ya Mukungwa, yakawa mto Mukungwa, na mto huo ukaingia Nyabarongo.

Kinamasi kama hiki si maji yaliyotuama tu. Chini ya mafunjo na majani marefu kuna tabaka nene la mimea iliyokufa ambayo haikuoza ikaisha, kwa sababu maji yameizuilia hewa. Tabaka hilo hunyonya mvua ya masika na kuiachia kidogo kidogo mpaka kiangazi. Ndiyo maana ziwa lililo chini ya kinamasi halifuriki kwa pupa wala halikauki kwa haraka. Ukichimba mifereji na kuyatoa maji ili upande viazi, tabaka lile hukauka, hunywea na hupasuka. Mvua ikija haina pa kukaa. Inapita mbio na udongo wa vilimani, na kiangazi hakuna akiba.

Hilo ndilo lililotokea Rugezi. Watu waliongezeka, ardhi ikawa haba, mashamba yakashuka kutoka vilimani hadi ndani ya kinamasi, na vilima vyenyewe vikalimwa bila matuta ya kuzuia udongo. Ukame ukaja juu ya hayo, na mitambo nayo haikuwa imetunzwa inavyostahili. Ziwa Burera likashuka, Ntaruka ikazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake, serikali ikakodi jenereta za dizeli na bei ya umeme ikapanda. Mama yangu akaazima cherehani ya miguu.

Jambo la pili nililolikuta kwenye ramani lilinigusa zaidi ya umeme. Nyabarongo, mto huu mwekundu tunaouona kutoka upande wa pili wa kilima chetu, hupita Nzove, penye mitambo ya kusafisha maji inayolisha sehemu kubwa ya jiji la Kigali. Kwa maana hiyo, ndani ya maji ya mji huu yamo matone yaliyolala Rugezi. Nimetia udhu maisha yangu yote nisijue. Na hayaishii kwetu: Nyabarongo huingia Akagera, Akagera huingia Ziwa Victoria, na ndugu zetu wanaosoma Kampala hunywa kutoka ziwa hilo.

Kujua na kufungamana

Baadhi yetu katika halaqa tulidhani dawa ni elimu tu: mtu akifundishwa majina ya ndege na miti ataipenda nchi yake. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza, akiwemo Miles Richardson wa Chuo Kikuu cha Derby, walichapisha utafiti uliouliza swali hilo hilo: ni nini hasa kinachomfanya mtu ajione kuwa sehemu ya maumbile yanayomzunguka? Walipata njia tano: kukutana nayo kwa milango ya fahamu, kuguswa moyoni, kuona uzuri wake, kupata maana ndani yake, na kuyahurumia. Ujuzi wa majina na takwimu peke yake haukuwa njia yenye nguvu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuijua Rugezi kwa hekta na megawati, nikapata alama nzuri kwenye insha, na bado haikuwa kitu changu.

Basi tukaenda, watu watano. Tulipanda gari Nyabugogo asubuhi, tukashuka Base, tukatafuta gari lingine la njia ya Butaro. Baridi ya huko si ya kuizungumza kwa mtu wa Kigali. Ukungu ulipoinuka tuliona bonde lote limejaa kijani kibichi kilichopauka kidogo, hakuna nyumba wala shamba ndani yake, na pembezoni ukanda wa mianzi. Kilichonishangaza ni sauti. Nilitazamia kimya, nikakuta vyura na ndege wanashindana. Huishi humo ndege mdogo wa kahawia ambaye wataalamu humwita Bradypterus graueri. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika vinamasi vya milima ya Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo. Sidai kwamba nilimwona. Niliwaona korongo wenye taji wawili, umusambi kwa Kinyarwanda, wakitembea kama wenye mali.

Adhuhuri iliingia tukiwa pale. Maji ya ukingoni yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, na ndugu mmoja akasita: je, yanafaa kwa udhu? Tukakumbushana tuliyosoma kwenye fiqhi, kwamba maji yaliyobadilika rangi kwa sababu ya majani, mwani au udongo wa mahali yalipo, vitu ambavyo hayawezi kuepukana navyo, yanabaki twahara na yanatwaharisha. Tukatia udhu. Yalikuwa baridi kiasi cha kuuma mifupa. Ndugu msomaji, sijui nikueleze vipi. Maji yale yale niliyokuwa nikiyafungulia bombani bila kuyatazama, safari hii niliyainamia.

Viazi vya muzehe

Tulipomaliza kuswali tulimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kingo ya barabara akitutazama. Tukamwamkia: "Muraho, muzehe." Akatujibu kwa Kiswahili, Kiswahili alichojifunza ujanani akivusha bidhaa mpaka wa Cyanika kwenda Kisoro. Akatuuliza tumekuja kupiga picha ndege? Nikamweleza kisa cha mama na cherehani, nikamwambia tumekuja kuona yalikotoka maji na umeme wetu. Nilitaka kumshukuru, nadhani. Nilikuwa na maneno mazuri kichwani.

Akanyoosha fimbo. "Unaona pale penye mafunjo marefu? Pale palikuwa na viazi vyangu."

Alikuwa na kipande ndani ya kinamasi. Kiangazi, wakati vilima vimekauka, kile kipande ndicho kilicholisha nyumba. Amri ilipokuja kwamba watu watoke, alitoka. Hakukataa kwamba maji yalikuwa yakipungua, na alisema yeye mwenyewe aliona mfereji wake ukikauka mwaka baada ya mwaka. Aligawiwa miche ya mianzi na majani ya kupanda ukingoni, majirani wengine wakapata mizinga ya nyuki na majiko yanayotumia kuni chache. "Vizuri," akasema. "Lakini jiko halina maana kama chungu ni kitupu." Tukacheka, naye akacheka, ila si kicheko cha kufurahi. Kisha akatuambia kwamba vyura waliporudi kwa wingi, mkewe alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kwa sababu ndivyo alivyolala tangu utotoni. Alisema yote mawili kwa sauti moja, la viazi na la vyura.

Kwa kipimo cha maji, Rugezi ilifanikiwa. Rwanda ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar mwishoni mwa 2005, hili ndilo lililokuwa eneo lake la kwanza kuorodheshwa, na mwaka huo huo sheria ya mazingira ikaweka umbali wa kutolima: mita 10 kutoka mtoni na mita 50 kutoka ziwani. Ziwa Burera likapanda tena, na Ntaruka ikarudi kwenye nguvu zake. Mama akarudia cherehani yake. Lakini bei ya kurudi huko sisi wa mjini hatukuilipa sawa na mzee yule, na wengi wetu hatukujua kwamba kuna aliyelipa.

Hima na mlango wa maskini

Tuliporudi tulilitazama jambo hili kwa jicho la fiqhi, kwa sababu wazo la kuitenga ardhi ili ipumue si geni kwetu. Mtume (s.a.w.) aliihifadhi an-Naqi', nje ya Madina, iwe malisho yaliyotengwa, na Umar (r.a.) akaihifadhi ash-Sharaf na ar-Rabadha. Hiyo ndiyo hima. Vilevile mafakihi walizungumzia harimu, yaani eneo linalozunguka kisima, chemchemi au mto ambalo mtu haruhusiwi kulijenga wala kulimiliki akaathiri maji ya wengine. Kwa kisima imepokewa hadithi kwa Ibn Majah inayotaja dhiraa 40, ambazo kwa kukadiria ni mita 20, na wanachuoni wamehitilafiana katika vipimo. Ukiiweka hii pembeni ya zile mita 10 na 50 za sheria ya 2005, unaona watu wa zama mbili wakiuliza swali moja.

Lakini kilichotushika ni habari ya Hunayy, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Umar, akamweka asimamie hima. Katika maagizo yake, Umar alimtaka awaruhusu kuingia wale wenye ngamia wachache na wenye mbuzi na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan. Sababu aliieleza: matajiri wale wawili, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini, mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa, na hapo khalifa hataweza kuwaacha. Kwake ilikuwa nyepesi zaidi kutoa maji na majani kuliko kutoa dhahabu na fedha.

Soma tena, ndugu yangu. Hima ilikuwa na mlango, na mlango ule ulikuwa mpana kwa mnyonge, mwembamba kwa mwenye mali. Mara nyingi leo inakuwa kinyume: eneo linahifadhiwa, mwenye kipande cha viazi anatolewa, kisha anayeingia ni mwenye nauli, kamera na kiingilio. Nasema hivi nikijihesabu mimi mwenyewe, maana tulikuwa tumebeba simu zenye kamera watu watano.

Mfano wa Elwha

Tulitafuta mahali ambapo mto umerudishwa pamoja na watu wake, tukaupata mbali, katika jimbo la Washington, Marekani. Mto Elwha ulizibwa kwa mabwawa mawili, la kwanza likikamilika 1913 na la pili 1927, ili kuzalisha umeme. Samaki aina ya samoni, wanaozaliwa mtoni, kukulia baharini na kurudi mtoni kuzaa, walizuiwa njia. Watu wa Lower Elwha Klallam, wenyeji wa mto huo, walipoteza chakula na zaidi ya chakula: mahali ambapo kwa itikadi yao watu wao waliumbwa palizama chini ya maji ya bwawa. Walidai kwa miongo mingi. Mabwawa yalibomolewa kuanzia 2011 hadi 2014, na maji yaliposhuka pale mahali pakaonekana tena. Uvuvi ukasimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuongezeka, na wenyeji nao wakasubiri. Mwaka 2023 walivua tena, kwa kiasi kidogo.

Dada mmoja wa halaqa alipinga kwamba mifano hii haifanani: kule wenyeji waliutaka mto wazi, huku wenyeji walikuwa wanalima ndani ya kinamasi. Yuko sahihi, na ni tofauti kubwa. Kinachofanana ni hiki, kwamba mto wa Elwha haukurudishwa kwa ajili ya watazamaji. Walioupoteza ndio walioupokea, hata kama ilibidi wangoje.

Hapa Kigali tunayo Nyandungu, kinamasi kilichokuwa kimeharibika, kazi ikaanza 2016 na bustani ikafunguliwa 2022. Nimekwenda mara tatu. Ni pazuri, na mtu akikaa karibu na yale mabwawa anasahau kwamba barabara ya uwanja wa ndege ipo karibu. Wanaokuja sana ni wapiga picha za harusi. Sioni ubaya. Uzuri ni mojawapo ya zile njia tano. Ila uzuri ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ukiishia hapo hujamfikia mzee wa viazi.

Kazi tuliyojipa

Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa katika Sahihi mbili, alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, ambayo ni chini ya lita. Siku moja kabla ya Alasiri niliweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la udhu la msikiti wa chuo na nikatawadha kama ninavyotawadha siku zote. Ndoo ilipita nusu. Nikarudia kwa kopo la plastiki la lita moja, nikijibana. Lilitosha, na likabaki la kumwagia mche uliopo mlangoni. Sasa tuko ndugu 14 tunaotumia makopo, na wenye haraka hututania.

La pili: kila mwanahalaqa achague maji anayotumia kwao, ya bomba, kisima au mto, aandike yanatoka wapi, yanapita kwa nani, na nani anayekosa kitu ili yamfikie yeye. Wa Bugesera, wa Rubavu, wa Huye, kila mmoja na mto wake. Dada aliyenipinga ameanza na chemchemi ya kijijini kwa bibi yake, na tayari amekuta kesi ya miaka mitatu kati ya nyumba mbili.

Mimi niliporudi kutoka Rugezi nilimletea mama chupa ya yale maji. Akaiinua kwenye dirisha, akaitikisa, akasema, "Ndiyo haya?" Nikamsimulia habari ya muzehe na viazi vyake. Hakusema neno mpaka alipomaliza upindo aliokuwa akiushona. Kisha akauliza, "Huyo mzee ana mwili gani? Mnene? Mrefu?" Sikuwa nimeangalia. Nilimpigia simu kijana aliyekuwa amekaa naye, aliyeniachia namba ili nimtumie picha za wale korongo, akaenda kumpima kwa kamba na kunisomea vipimo. Shati limeondoka Nyabugogo wiki iliyopita kwa gari la Base, la mikono mirefu, kwa sababu ya baridi.